Mafuta Machafu ya Gari la Bwana Ndevu

Jumapili, 13 Julai 1913

Gari limelala uani kwangu! Naliandika hili nilisome tena kesho nijue sikuota. Gari la Bwana Ndevu, mzungu ninayemwendeshea, liko hapa Mlabani, kati ya jiko langu na banda la mbuzi. Apolonia mke wangu amekataa kupika. Anasema hawezi kuligeuzia mgongo dude lile.

Imekuwa hivi. Juzi moto wa kuchoma magugu ulivuka kule shambani kwa Bwana, ukala banda la gari. Gari lenyewe tuliliwahi, tukalisukuma mpaka barabarani huku makuti yanaanguka nyuma yetu. Na Bwana anaumwa meno, shavu limefura kama boga. Leo amebebwa kwenye machela kwenda Kilosa, maana njia ile haipitiki kwa gari, akapande gari moshi mpaka Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka akaniita. Fulgensi, weka gari kwako. Lioshe. Badilisha mafuta ya mashine, yamechoka. Mapya yako kwenye debe jekundu. Nikirudi nataka mashine iimbe.

Basi akaenda, na kitambaa kimefungwa kidevuni mpaka utosini.

Na mimi nimebaki na gari! Mtoto wa mvuvi wa Lumemo. Nilipokuwa karakana ya reli Morogoro wenzangu walinicheka: ujuzi huo utaupeleka wapi, kwenu hata baiskeli hakuna. Leo gari pekee la bonde hili liko kwangu, na kuku mmoja ameshataga kwenye kiti cha nyuma.

Jumatano, 16 Julai

Kazi imekwisha, salama. Lakini watu! Sijawahi kuona.

Asubuhi niliwasha mashine kidogo ipate joto, maana mafuta baridi hayatoki vizuri, yanang'ang'ania ndani kama asali. Mkono wa kuwashia ukanirudi kwa nguvu, nusura univunje kifundo. Mashine ikaunguruma na Mlabani nzima ikaja. Wengine walikuja wakikimbia, wengine wakaondoka wakikimbia.

Nikazima. Nikazuia magurudumu kwa magogo, nikaingia chini kwa mgongo na chungu kikubwa cha Apolonia (sikumwomba). Skrubu iko chini kabisa ya tumbo la mashine. Ilikuwa ngumu. Nikaitia ufunguo, nikavuta, ikalegea, nikamalizia kwa vidole — na mafuta yakaruka yote kwa pamoja! Moto! Meusi ti! Yamenichoma mpaka kiwiko.

Nje nikasikia kelele. Mwanamke mmoja anasema, amelichinja. Mwingine anasema, hapana, linakojoa. Hermenegildi, mvuvi jirani yangu, mtu mwenye mitumbwi na sauti kubwa, akainama akanitazama chini ya gari. "Fulgensi! Damu hiyo! Litakufa!"

"Si damu. Ni mafuta. Yamechakaa."

"Mafuta gani meusi?"

Nikaeleza nikiwa nimelala vile vile. Mle ndani vyuma vinasuguana, mafuta ndiyo yanavizuia visilane, uchafu wote unabaki kwenye mafuta. Sidhani kama alisikia. Alikuwa anatazama chungu.

Mafuta yalipoacha kudondoka nikasuuza tumbo la mashine kwa mafuta ya taa, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka yakatoka safi. Ngozi ya skrubu ilikuwa imekatika. Nikakata nyingine kwenye kiatu cha zamani. Nikafunga. Nikamimina mafuta mapya kutoka debe jekundu, ya manjano kama samli, taratibu, mpaka ile koki ndogo ya ubavuni ikaanza kudondosha. Hapo yametosha. Nikawasha tena, nikalala chini kutazama. Hata tone!

Apolonia ameona chungu chake. Sitayaandika aliyosema. Mwisho akasema, kachimbe shimo uyamwage leo leo. Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 17 Julai

Sijayamwaga. Shangazi Balbina alikuja kabla sijashika jembe.

Huyu ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Anakaa peke yake nyumba ya nne kutoka hapa. Mumewe alinyongwa mwaka wa vita vya maji. Hajawahi kulitaja hilo mbele yangu, hata siku moja. Alibatizwa juzi juzi tu, na jina la Balbina bado linamchekesha mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Wanasema una mafuta meusi."

"Ninayo. Nataka kuyazika."

"Usizike. Mchwa wamenimaliza. Nguzo ya mlangoni nikiigonga inalia kama kibuyu. Hawatapenda harufu hiyo."

Kweli kabisa, karakana tulikuwa tunapaka nguzo za uzio mafuta hayo hayo. Nikamjazia kibuyu. Nikaenda naye, nikapaka nguzo ya kwanza mwenyewe kwa kitambaa, kuanzia chini mpaka kimo cha kiuno, na miimo ya mlango pia. Alifurahi! Alisimama anainusa nguzo kama mtu anayenusa mchuzi.

Jumapili, 20 Julai

Leo kanisani nimeshikwa na butwaa. Tumepiga magoti, natazama mbele yangu — nyayo nyeusi. Natazama pembeni — nyayo nyeusi. Antoni, yule mkulima wa mpunga mwenye funza miguuni kila mwaka, amejipaka mpaka vifundoni! Kanisa zima linanuka karakana. Padri amepiga chafya katikati ya mahubiri.

Nikarudi nyumbani mbio, nikafunua chungu. Kitupu! Kimekombwa!

Apolonia anasema walikuwa wanakuja tangu juzi nikiwa shambani, mmoja mmoja, na vifuu. Alidhani nimewaruhusu. Tena ameona heri, chungu chake kimerudi. Shangazi alimsifia jirani, jirani akamsifia ndugu yake. Hermenegildi amepaka nyufa za mtumbwi. Wengine wamepaka milango na nguzo za maghala. Wengine mbuzi wenye upele. Tumecheka mpaka Apolonia akashika mbavu.

Jioni nimetembea mpaka karibu na Kibaoni. Milango mingi ina weusi chini. Sikujua chungu kimoja kinaweza kufika mbali hivyo.

Jumanne, 22 Julai

Akida amekuja kwangu. Mwenyewe! Akida Mwinchande, mtu wa pwani, ndiye serikali hapa kwetu: kodi yeye, kesi yeye, viboko yeye. Hakutaka kuketi. Apolonia alimletea kigoda, akakitazama tu.

"Fulgensi, wewe umesoma. Nieleze. Kwa nini watu wameweka alama kwenye nyumba zao?"

"Si alama, Akida. Ni dawa ya mchwa."

Hapo hapo nikaona amebadilika uso. Ni lile neno. Dawa.

"Nani anaigawa?"

"Haigawiwi. Yalikuwa mafuta machafu ya gari, watu wakachota."

"Na miguuni? Mchwa wanakula miguu?"

"Ile ni ya funza."

Akatazama gari, akatazama mlango wangu (nao umepakwa, Apolonia alipaka). Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa, si sauti ya akida: "Nyumba zote mmeziwekea. Kwangu hamkuweka. Kwa nini kwangu hamkuweka?"

Mungu wangu! Nikasema mafuta yamekwisha. Nadhani nisingeweza kusema neno baya kuliko hilo. Akaondoka bila kuaga.

Apolonia ndiye aliyenifumbua macho. Mwaka ule wa vita, maakida ndio waliouawa kwanza. Na mwaka ule pia ilianza hivi hivi: mtu anakuja na dawa, watu wanapokea kimya kimya, nyumba hadi nyumba. Sisi tulimwita Hongo, yule mleta dawa. Mimi nilikuwa misheni, mkubwa tayari, lakini sikuona kwa macho. Akida aliona. Wanasema alijificha kwenye matete ya mto kwa siku nyingi, anakula mizizi.

Tumeusugua mlango wetu kwa majivu. Weusi hautoki.

Jumatano, 23 Julai

Akida ametuma tarishi bomani. Hermenegildi amemwona akivuka mto alfajiri, anakimbia. Hakuwa anatembea. Anakimbia.

Shangazi amecheka nilipomwambia. Bomani wana kazi, alisema, hawawezi kuja kwa ajili ya mchwa.

Jumatatu, 28 Julai

Wamekuja. Sijui nianze wapi.

Askari wengi, na bwana mmoja mzungu kijana, mwekundu kwa jua, mgeni kabisa. Hajafika mwaka katika nchi hii. Wamefika asubuhi kutoka kivukoni. Hawakuuliza njia. Walikwenda mlango hadi mlango, wenye milango myeusi wanatolewa nje, wanaketishwa chini juani.

Wamemkamata Antoni kwa miguu yake. Wamemkamata Hermenegildi, na mtumbwi wake wameutoboa kwa shoka. Alilia! Sijawahi kumwona analia, hata alipozika mtoto.

Na wamemkamata Shangazi Balbina. Alikuwa anapeta mpunga. Wamemfunga mikono kwa kamba akiwa bado na pumba kichwani.

Kwangu wameingia, wametazama, wakatoka. Kiongozi wao ni ombasha Kasmiri. Kasmiri! Tulilala mkeka mmoja misheni. Tuliiba miwa pamoja. Nilimkimbilia.

"Kasmiri, ndugu yangu, mwachie shangazi. Unamjua. Amekupa chakula."

Hakunitazama usoni. "Nyumba yake ndiyo ya kwanza kupakwa. Watu wote wamesema hivyo. Bwana anamtafuta Hongo wa mafuta."

"Hongo wa nini?"

"Wa mafuta."

"Kasmiri! Mimi ndiye niliyempa! Mimi ndiye niliyepaka!"

Akanivuta kando ya ukuta, akanikaba shati. "Nyamaza. Nimesema nyumba hii haina kitu, mlango umechafuliwa na gari la mzungu. Usinifanye mwongo mbele ya watu."

Akaniacha. Shati limechanika. Wengine wameachwa, hao watatu wamewafungia kwenye ghala la pamba la akida. Mikono yangu bado inanuka mafuta. Nimeinawa mara ngapi leo.

Jumanne, 29 Julai

Sikumsikiliza Kasmiri. Nimekwenda.

Kesi ilikuwa barazani kwa akida. Bwana Mdogo (ndivyo askari wanavyomwita yule mzungu kijana) ameketi mezani, akida pembeni yake. Bwana anasema Kiswahili, amekijifunza kitabuni, kila neno limenyooka na hakuna hata moja analolisikia. Niliketi nyuma na watu. Nayaandika niliyoyasikia, yasipotee.

Alimwuliza Shangazi: "Hii ni dawa?"

"Ndiyo bwana. Ni dawa."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ataiitaje? Tunaiita hivyo!

"Dawa ya nini?"

"Ya mchwa."

"Mchwa ni nani?"

Ni nani! Watu walitazamana. Shangazi naye alishangaa, akadhani bwana ni mgeni na hajui, akamweleza kwa upole, kama anavyomweleza mtoto. "Ni wadogo, bwana. Weupe. Wanatoka mbali, huoni njia yao. Wanaingia nyumbani kwa mtu wanakula taratibu, na mwenye nyumba hajui mpaka paa limemwangukia."

"Weupe," Bwana akasema.

"Ndiyo bwana. Weupe."

"Na dawa hii inawafanya nini?"

"Wanakufa. Waliobaki wanarudi walikotoka."

Bwana akaandika hilo kwenye daftari lake. Akida alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Yeye anajua mchwa! Nyumba yake imejaa mchwa! Kwa nini hakusema? Nilimtazama nikimwomba kwa macho, na sikuona ubaya usoni mwake. Niliona hofu tu. Ya kwetu, na ya yule bwana pia.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema bwana mkubwa, mchwa ni wadudu. Ni wadudu! Na mafuta ni ya gari la Bwana Ndevu, mimi dereva wake, mimi niliyatoa, mimi nilimpa.

Bwana akaniuliza, Ndevu yuko wapi? Nikasema Dar es Salaam, meno. Akauliza, mafuta haya yako bado kwenye gari? Nikasema ndiyo! Nilifurahi, jamani, nilidhani nimeshinda. Nikasema, bwana njoo nyumbani kwangu, nitafungua mbele yako, utaona mwenyewe.

Akasema kesho.

Jumatano, 30 Julai

Mimi ni mjinga. Mjinga! Mjinga!

Amekuja na akida na askari. Na Shangazi wamemleta, asimame aone. Nikaingia chini ya gari na bakuli jeupe la Apolonia, safi, ili aone vizuri. Nikafungua skrubu. Nikatoka na bakuli kwa mikono miwili kama padri.

Manjano. Samli tupu.

Nimeyatia wiki mbili zilizopita na gari halijatembea hata hatua. Ningewezaje kusahau! Ningewezaje! Katika kufikiri kwangu kote nilikuwa naona yale meusi yanatoka.

Bwana Mdogo akachovya kidole. Akakinusa. Akamwita Kasmiri alete kifuu walichokichukua kwa Antoni, bado kina tope jeusi chini. Akaviweka pamoja kwenye kiti cha gari.

"Hii si hii," akasema.

Nikaeleza. Nilikuwa nasema haraka mno. Yanakuwa meusi kwa kutumika, bwana. Gari likitembea. Vyuma vinasuguana. Nipe mwezi mmoja. Nipe wiki! Nikawasha mashine hapo hapo ili ichemke, nikasahau kwamba tumboni hakuna mafuta, ikaanza kulia kwa uchungu, nikaizima. Akida akaruka nyuma. Askari mmoja akainua bunduki kwa sababu ya mlio tu.

Bwana akauliza akida: huyu mama ni nani? Ana mume?

Akida akasema polepole, "Alikuwa naye. Alinyongwa mwaka wa vita."

Basi. Ilikuwa kama mlango umefungwa. Bwana alifunga daftari lake hata kabla ya kusikia jina. Amri: keshokutwa asubuhi wote watatu wanapelekwa bomani. Mimi sihitajiki, mimi ni mtu wa gari la mzungu, nimedanganywa na ukoo wangu. Na kwa kuwa gari lipo, nitabeba mizigo ya bwana mpaka kivukoni.

Mimi nitabeba mizigo! Na wao watatembea nyuma yangu na kamba shingoni.

Shangazi alipopita karibu yangu akasema, "Funga skrubu, baba. Yanamwagika."

Alhamisi, 31 Julai

Asubuhi Apolonia alikuja na shauri, na nililiona zuri. Nililibariki! Alisema, mtu mmoja amesema, hakuaminiwa. Basi tuseme wote. Kila mwenye mlango mweusi aje kesho kwa akida, aseme na mimi nilichota, na mimi nilipaka, ni ya mchwa. Hawawezi kututia wote kambani. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda na wanawake wengine, nyumba hadi nyumba.

Mimi nikampelekea Shangazi uji. Kasmiri aliniruhusu, akageuka upande wa pili. Ghalani kuna joto. Antoni amelala. Hermenegildi ananong'ona rozari. Shangazi alikunywa uji wote, kisha nikamwambia kwa furaha: kesho watu wote watakuja kukusemea.

Bakuli lilimtoka mkononi.

"Wangapi?"

"Wote. Mlabani, Kibaoni, mpaka ng'ambo ya Lumemo."

"Wazuie."

"Shangazi, wanakuja kusema tu."

"Na sisi tulikwenda kusema tu!" Alinishika mkono, kucha zikaingia. Na hapo ndipo alipolisema, lile ambalo hajalisema miaka yote hii. "Mume wangu nilimpaka yale maji ya Hongo kwa mikono yangu hii. Hakutaka. Nilimwambia paka, hayadhuru. Akaenda na wenziwe bomani, siku ya kwanza hawakuwa na silaha, walikwenda kusema habari ya pamba. Kusema! Walikuwa wengi, basi wakapigwa risasi. Wa bomani wakiona watu wengi wanakuja pamoja hawasikii wanachosema. Nenda, baba. Wazuie. Mimi acha niende huko, mimi ni mzee. Nenda."

Nimekimbia. Sijawahi kukimbia hivyo tangu utoto. Apolonia nyumbani hayupo. Nimekwenda Kibaoni, wanasema amepita. Nimevuka Lumemo, wanasema amepita. Kila nyumba nimesema msije, na kila nyumba wamenijibu, mkeo amesema tuje. Wengine wameniona mwoga. Mzee mmoja ametema mate.

Apolonia amerudi machweo, sauti imekauka. Nimemweleza yote. Amekaa chini palepale alipokuwa. Nawezaje kuwarudia wote sasa, amesema, nawezaje. Ataondoka mapema, awazuie njiani.

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi. Naandika garini, mbele ya nyumba ya akida, daftari juu ya usukani. Mizigo ya bwana imepakiwa: kitanda, sanduku, kuku wawili. Mafuta nimeyarudisha tumboni na mashine haidondoshi. Mikono lazima iwe na kazi, ndiyo maana naandika.

Wametolewa. Shangazi, Antoni, Hermenegildi, kamba moja. Shangazi amefunga kilemba vizuri. Kanitazama mara moja: je? Nimetikisa kichwa kwamba sijui.

Barabara ni tupu. Jua limeshapanda. Apolonia aliondoka kukiwa bado na umande. Labda amewazuia. Mungu, amewazuia. Bwana Mdogo anakunywa kahawa barazani. Akida anamwambia twende, tuwahi kivuko. Bwana anasema, dakika moja.

Dakika moja! Kwa nini anywe kahawa leo!

Vumbi. Upande wa Kibaoni.

Si ng'ombe. Ni watu. Ni wengi, Mungu wangu ni wengi, barabara imejaa mpaka kwenye mashamba. Wanakuja polepole, hawaimbi, hawapigi kelele. Heri wangepiga kelele. Wamebeba vitu begani, virefu, vyeusi.

Bwana amesimama. Ameangusha kikombe. Amenijia mimi, mimi niliye karibu naye, ameniuliza wale wamebeba nini? Nimetazama vizuri. Ni nguzo. Wameng'oa nguzo za maghala yao, zile zilizopakwa, wanakuja kumwonyesha. Nimemwambia, bwana, ni nguzo, wanakuonyesha mchwa, ni ushahidi! Amenitazama kana kwamba nimesema Kindamba, lugha ya kwetu. Amepiga filimbi.

Askari wanapanga mstari barabarani. Nasikia bunduki zinavyofunguka na kufungwa, moja baada ya nyingine. Akida amepiga magoti nyuma ya gurudumu langu, anasema Yarabi, Yarabi. Hermenegildi anawapigia kelele rudini, rudini, sauti yake yote, na wao wanadhani anawaita — wameongeza mwendo.

Kasmiri amepita ubavuni mwa gari. Amesema bila kugeuza kichwa, waambie waketi chini. Watupe zile nguzo na waketi. Bwana amesema wakifika kwenye ule mti tupige. Nenda, Fulgensi, tembea, usikimbie, ukikimbia nitaamriwa.

Mbele yao kabisa kuna mtu mmoja anarudi kinyumenyume, ameinua mikono yote miwili, anawasukuma kifuani na wao wanampita kando. Ana khanga kiunoni. Amewapa askari mgongo.

Nashuka.